Spana Moja, Miaka 30

Jirani yangu alifika kortini saa mbili kasorobo, bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na barua ya serikali ya mtaa ambayo muhuri wake ulikuwa haujakauka vizuri, kitambulisho cha taifa cha kaka yake, picha ndogo mbili na kivuli cha hati ya nyumba ya urithi huko Ngamiani. Usiku kucha hakulala. Alizunguka kwa wajomba na maami akitafuta wa kumdhamini mwanawe, na ajabu ya ndugu, karibu kila mmoja siku hiyo alikuwa na safari.

"Kashtakiwa kosa gani, mama?" nikamuuliza.

"Si ile baiskeli, mwanangu."

Ile baiskeli mtaa mzima tunaijua. Hapa Tanga baiskeli ndiyo miguu ya watu, na mtu akiibiwa yake habari hufika msikitini kabla yake. Ilikuwa Phoenix nyeusi ya muuza kahawa, imeegeshwa nje ya kibanda cha chai, magharibi inaadhiniwa. Kijana wa jirani yangu, anayejifunza ufundi baiskeli chini ya mwarobaini, aliichukua. Hilo hata mamake habishi. Lakini karatasi aliyosomewa asubuhi ile haikuwa na neno wizi popote. Ilisema unyang'anyi wa kutumia silaha, na silaha yenyewe ikatajwa: spana. Hakimu akamwambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi, kwamba shtaka lake halina dhamana. Mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika. Tarehe ya kutajwa ikapangwa, kijana akatolewa na askari magereza, na bahasha haikufunguliwa.

Nimekaa kwenye mabenchi ya korti mara nyingi mno kuendelea kuamini kwamba adhabu huamuliwa siku ya hukumu. Kwa makosa ambayo sheria imeyawekea adhabu ya chini, miaka huandikwa siku ile jina la kosa linapochaguliwa na kuingizwa kwenye hati ya mashtaka. Baada ya hapo hakimu anakuwa kama muuza duka aliyeachiwa jiwe moja tu la mizani: apime sukari, apime chumvi, jiwe ni lilelile. Na sisi tulio nje, ndugu na majirani, tunahangaika na wadhamini, tunachangishana, tunatafuta nani anamjua nani, ila karatasi yenyewe hatuisomi.

Chukua jioni ile uigeuzegeuze. Kijana kaona baiskeli haina mtu, kaipanda, kaenda zake. Huo ni wizi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaupa kifungo cha hadi miaka 7. Sasa tia kidogo: mwenye mali kamkimbilia, kaishika keria, wamevutana, kijana kamsukuma mzee wa watu chini ili aondoke nayo. Hapo jina limegeuka kuwa unyang'anyi, na adhabu imepanda kufikia miaka 15. Fanya baiskeli ilikuwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, naye kauvunja ili aibe. Mchana kosa hilo lina hadi miaka 14, usiku lina hadi 20. Jua likizama linaongeza miaka sita. Haya, rudi kwenye keria. Wanavutana, na mkono wa kijana umetoka mfukoni na spana namba 17, umeinuka juu ya kichwa cha muuza kahawa. Haukushuka. Hakuna aliyeumia. Kosa hilo ndilo unyang'anyi wa kutumia silaha, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na viboko hakimu akipenda kuviongeza.

Tazama maneno mawili hapo, "hadi" na "kisichopungua". Hilo ndilo somo zima, na laiti lingefundishwa kwenye baraza za kahawa. Wizi una dari: miaka haivuki 7, na hakimu anaweza kutoa miezi mitatu, anaweza kumpeleka mtu kufagia zahanati. Unyang'anyi wa kutumia silaha una sakafu. Hakimu akimtia mtu hatiani hawezi kushuka chini ya 30, hata mshtakiwa awe yatima, hata baiskeli iwe imerudi kwa mwenyewe na kengele yake. Hata ukitoa theluthi ambayo mfungwa mwenye mwenendo mwema hupunguziwa gerezani, inabaki 20. Kijana wa miaka 19 anatoka na mvi.

Mtu ataniuliza, tangu lini spana ikawa silaha? Tangu zamani. Sheria haikuishia kwenye bunduki na panga. Inasema silaha au chombo chochote cha hatari. Spana ikikaa mfukoni ni kitendea kazi. Ikiinuliwa mbele ya uso wa mtu wakati wa kuchukua mali, au mara tu kabla au baada yake, ili mali itoke au isirudi, imekuwa silaha. Kwa hiyo kesi ya mtoto wa jirani yangu, ukiikamua yote, inabaki na swali moja: mkono uliinuka au haukuinuka? Muuza kahawa anasema uliinuka. Kijana anasema spana ilianguka kutoka mfukoni walipokuwa wakivutana. Aliyekuwa akikaanga bajia hatua kumi kutoka pale anasema alikuwa amegeukia mafuta. Miaka 30 imening'inia kwenye bega la kijana mmoja, na mashahidi ni wawili na nusu.

Adhabu hizi za sakafu tulizianza mapema. Mwaka 1963, uhuru hata miaka miwili ulikuwa haujatimia, Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya adhabu za chini: miaka miwili jela na viboko 24, 12 vya kuingilia na 12 vya kutokea. Wazee wetu mpaka leo wanatania kwamba vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkeo. Mwaka 1972 ikaja sheria nyingine mahali pake. Mwaka 1989 unyang'anyi wa kutumia silaha au wa kundi ukapandishwa hadi miaka 30, na mwaka 2004 kosa likapewa kifungu chake ndani ya Kanuni ya Adhabu, kile cha 287A. Kila mara hoja ilikuwa ileile, kwamba mahakimu wanakuwa wapole na majambazi wanacheka.

Sisemi hoja hiyo haina kichwa wala miguu. Aliyewahi kukabwa usiku na panga likiwa shingoni hataki kusikia habari za upole, na mimi simlaumu. Ninacholalamikia ni kwamba sakafu ile haimwangalii anayeikanyaga. Jambazi aliyeingia dukani na bastola na mwanagenzi wa baiskeli aliyenyanyua spana kwa woga wote wawili wanaanzia 30. Tumemnyima hakimu, mtu aliyewaona mashahidi kwa macho yake, nafasi ya kupima, tukampa nafasi hiyo mtu aliyeandika karatasi mezani siku ya kwanza, kabla shahidi yeyote hajala kiapo.

Hata hivyo hakimu hakufungwa mikono yote miwili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu, kama kosa kubwa halikuthibitika lakini dogo lililomo ndani yake limethibitika, amtie mtu hatiani kwa lile dogo. Unyang'anyi ukianguka, wizi unaweza kubaki umesimama. Hati nayo inaweza kubadilishwa kesi ikiendelea. Ikibadilishwa, mshtakiwa lazima asomewe upya na ajibu upya, na anaweza kuomba mashahidi waliokwishatoa ushahidi waitwe tena. Hati yenyewe pia ina masharti. Kwenye unyang'anyi wa kutumia silaha maelezo ya kosa yanapaswa kutaja ni nani aliyetishiwa au kupigwa. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta hukumu za miaka 30 kwa sababu hati ilitaja mali, ikataja silaha, ikamsahau mtu. Watu husikia habari kama hizo wakasema majambazi wanaachiwa kwa vijimaneno. Ila vijimaneno hivyo ndivyo vilivyombeba mtu jela miaka 30. Vikikosewa, kwa nini visimtoe?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye ndugu kortini: omba nakala ya hati ya mashtaka. Tazama mahali palipoandikwa kosa, halafu maelezo ya kosa: siku gani, wapi, nani, nini, dhidi ya nani. Usihangaike kukariri namba za vifungu, maana toleo la sheria likirekebishwa namba nazo huhama. Shika jina la kosa. Wizi wa kawaida hadi miaka 7, wizi wa mtumishi kwa mwajiri wake hadi 10, kujipatia mali kwa udanganyifu hadi 7, shambulio la kawaida hadi mwaka mmoja, shambulio la kudhuru mwili hadi mitano. Mtu akikujia na habari kwamba ndugu yako "ana kesi ya fujo", hiyo si habari.

Jina hilohilo ndilo linaloamua dhamana. Tumezoea kuiona dhamana kama huruma ya hakimu au matunda ya kujuana, lakini kwa mashtaka mengi ni haki ya mshtakiwa. Kwa mengine imefungwa kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, ugaidi, dawa za kulevya kwa uzito fulani. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kufuli hilo linapingana na Katiba. Haikufika miezi mitatu, Mahakama ya Rufani ikatengua, kufuli likarudi mlangoni. Na kama shtaka ni la fedha au mali inayozidi shilingi milioni 10, dhamana ipo, ila nusu ya thamani iwekwe kwa fedha taslimu au kwa hati ya mali. Jirani yangu angeyajua haya jioni iliyotangulia asingewabembeleza wajomba. Angetafuta wakili, au ofisi ya wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua na ambao wasiojiweza hawawalipi.

Sasa niseme juu ya maneno mawili mengine, "ni kweli".

Aliyewahi kusikiliza kesi zikisomwa anaijua ile namna. Hati inasomwa kwa pumzi moja, kisha: "Ni kweli si kweli?" Mshtakiwa, ambaye maisha yake yote amefundishwa kwamba mkubwa akikuuliza unajibu kwa adabu, anasema, "Ni kweli, mheshimiwa." Kweli gani? Kwamba alichukua baiskeli? Kwamba aliinua spana? Kwamba jina lake ni lile? Tangu mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu bado zinaufuata: shtaka lielezwe kipengele kwa kipengele kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, upande wa mashtaka usome mambo yaliyotokea, naye aulizwe kama anayakubali. "Ni kweli nilichukua baiskeli lakini sikumtishia mtu" ni kukataa unyang'anyi. Iandikwe hivyohivyo. Ikiandikwa "ni kweli" tupu, mlango wa rufaa umebaki ufa mwembamba, kwa sababu aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kwa kawaida hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaruhusiwa kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Atakayepenya ni yule atakayeonyesha kwamba hakuelewa, au jibu lake lilikuwa na utata, au kile alichokikubali si kosa kisheria.

Na lugha, jamani. Kwa miongo mingi mshtakiwa alijibu kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na rufaa ikasomwa kwa yale yaliyoandikwa. "Nilichukua", "nilikwapua", "nilinyakua", "niliazima bila kumwambia", yote haya yana ladha tofauti, na mtu wa Mrima anajua tofauti yake. Yakishavuka kwenda lugha nyingine yanakuwa neno moja. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama na lugha ya sheria. Yapo mabadiliko makubwa zaidi yaliyopigiwa vigelegele zaidi. Mimi hili ndilo ninalolithamini.

Mtoto wa jirani yangu alijibu "si kweli". Nilipomuuliza baadaye nani alimshauri, alisema wazee wa selo. Mahabusu ni chuo cha sheria, ada yake ni kulala ubavu, na walimu wake wengine ni wazuri na wengine wamefeli mitihani yao wenyewe. Safari hii walimwelekeza vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo kwenye hati ile ambalo hata wazee wa selo hawakuliona, na mimi nililiona kwa bahati tu. Umri: miaka 19. Nikamgeukia mamake. Akahesabu kwa vidole, akaniambia alimzaa mwezi mmoja na binti wa mwenye mashine ya kusaga, na yule binti bado hajafikisha 18. Nikamwomba kadi ya kliniki. Kesho yake aliileta, imefungwa ndani ya leso, imepasuka kwenye mikunjo, wino wa uzito wa miezi ya mwanzo umegeuka kahawia. Tarehe ya kuzaliwa ilisomeka. Kijana alikuwa na miaka 17 na miezi minne.

Hapo kesi ilibadilika rangi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hahukumiwi kifungo jela. Kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akiwepo, bila umati. Akikutwa na hatia anaweza kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, wazazi wakaamriwa kulipa, au akapelekwa shule ya maadilisho. Wakati wa kusubiri, mahali pake ni mahabusu ya watoto, ambayo Tanga tunayo, wala si kuchanganywa na watu wazima. Ile sakafu ya miaka 30 ikawa haipo tena chini ya miguu yake. Nani aliandika 19? Kituoni kijana aliulizwa umri, akasema "kumi na tisa" kwa sababu, kwa maneno yake, aliona aibu kuonekana mtoto mbele ya wakubwa. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Tuseme sasa mtu ni mzima, kosa lake lina dari na si sakafu, na ametiwa hatiani. Hakimu anamuuliza ana lipi la kusema kabla ya adhabu. Dakika hii ni ya thamani, nasi tunaitupa. Wimbo ni mmoja: naomba mahakama inionee huruma, nina mke, watoto na mama mzee wananitegemea. Upande wa mashtaka unajibu kwamba hauna kumbukumbu za makosa ya nyuma ila unaomba adhabu kali iwe fundisho. Hakimu ameusikia wimbo huo tangu Jumatatu.

Kinachofaa kusemwa ni kile kinachoshikika. Ni kosa la kwanza. Nilikaa mahabusu miezi minane, na korti inatakiwa kuuzingatia muda huo. Mali imerudi, na hii hapa karatasi ya mwenye mali. Nilikiri mapema, sikuwapotezea mashahidi muda. Fundi wangu yupo hapa, atanipokea kazini. Halafu, na hapa ndipo karibu kila mtu huishia njiani, omba adhabu mbadala kwa jina lake. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu afanye kazi za umma bila malipo, akirudi kulala kwake. Hata kama kosa lina dari refu, hakimu akiona linalomfaa huyu halizidi miaka mitatu, njia iko wazi. Afisa wa huduma za uangalizi hutembelea mtaa wa mshtakiwa, huzungumza na mwenyekiti, na majirani, na aliyekosewa, kisha huleta taarifa. Korti inaweza kuiagiza taarifa hiyo, na mshtakiwa anaweza kuiomba. Siku niliyomsikia mshtakiwa akiiomba, karani aliinua uso kumtazama.

Kuna hiki tunachokiita "kifungo cha nje". Mtaani hutafsiriwa kuwa ameachiwa, na mama zetu hupika pilau. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakimu amemwachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Akitenda kosa ndani ya muda huo, anaweza kurudishwa na kuadhibiwa kwa lile la kwanza pia. Pilau iliwe, ila aliyeachiwa aelezwe. Vilevile "kufutiwa shtaka" si kuachiwa huru. Upande wa mashtaka ukiondoa kesi kabla mshtakiwa hajajitetea, unaweza kumkamata tena kwa kosa lilelile. Wengine wamekamatwa wakiwa bado wanakumbatiana na ndugu nje ya mlango wa korti.

Faini tunaijua. "Shilingi laki tano au miezi sita" ni adhabu mbili tofauti kwa watu wawili tofauti: mwenye laki tano na asiye nazo. Sitasema zaidi, hesabu inajisema. Fidia kwa aliyekosewa nayo ipo, na korti ikiiamuru si hiari.

Upo pia mlango mpya kidogo, uliofunguliwa mwaka 2019: makubaliano ya kukiri kosa. Mshtakiwa na upande wa mashtaka wanakaa, anakiri shtaka dogo au baadhi ya mashtaka, mengine yanaondolewa, makubaliano yanaandikwa na kusajiliwa kortini. Hakimu lazima ajiridhishe kwamba hakulazimishwa. Makosa kadhaa yamefungiwa nje, uhaini na makosa ya ngono dhidi ya watoto yakiwemo. Mimi nina wasiwasi nao. Mtu aliyekaa ndani mwaka mzima bila dhamana akipewa karatasi ya kumtoa kesho, ataisaini hata kama hakutenda. Karata zinachezwa, lakini mmoja anacheza akiwa na njaa.

Niguse na jambo ambalo huku kwetu linawaponza wengi: kumalizana. Mwanafunzi kapata mimba, wazee wamekaa barazani, ng'ombe kasemwa, fedha zimetolewa, mikono imepeanwa, fatiha imesomwa. Kila mtu anadhani yameisha. Kumbe mlalamikaji si baba wa binti, ni Jamhuri. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inampa aliyempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30, na kama binti hajatimiza 18 shtaka la kubaka linasimama peke yake na sakafu yake ya 30. Akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Fatiha haisomwi kwenye jalada la polisi. Kinachoruhusiwa kupatanishwa ni makosa madogo ya mtu kwa mtu, shambulio la kawaida na mfano wake, tena hakimu mwenyewe akiwa anaongoza upatanisho huo, si mwenyekiti wa mtaa na kalamu yake. Nakiri hapa siwaonei huruma wazee wetu. Binti ndiye aliyeuzwa kwa ng'ombe huyo.

Na kama hukumu imeshatoka na mtu hakuridhika, saa imeshaanza kukimbia. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Aliye gerezani hupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Nimeona familia zikitumia siku zile 10 kwa mganga.

Nilimwona jirani yangu tena wiki iliyopita kwenye benchi lilelile. Kesi imehamishiwa Mahakama ya Watoto, bado inatajwa. Bahasha yake sasa imenenepa: kadi ya kliniki na vivuli vyake vitatu, nakala ya hati ya zamani, nakala ya hati mpya. Pembeni yake alikaa mama mmoja kutoka Pongwe, machozi yamemtoka, anauliza mdhamini anatakiwa alete nini. Jirani yangu akamnyoshea mkono. "Kwanza lete hiyo karatasi tuisome, shoga."

Waliposhika kusoma alinigeukia mimi, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Ile spana ni ya marehemu mumewe, na kijana bila spana namba 17 hawezi kufungua gurudumu la nyuma. Wakimaliza nayo kuwa kielelezo, watairudisha?